Tulipowapelekea Mapazia

Upepo ulipoezua nyumba za kijijini kwetu nilikuwa Songea mjini, nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Habari niliipata kwa simu ya mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Hakulia. Alisema, "Mwanangu, nyumba imeondoka," kama mtu anayekuambia basi limeshaondoka, panda la kesho. Kisha akanieleza kwamba mvua ya kwanza ya msimu ilikuja na upepo kutoka bondeni, ukabeba bati za kanisa, ukabeba bati za madarasa mawili, halafu ukashuka mtaa wa kwao nyumba kwa nyumba. Paa zilipokwisha kwenda, mvua ikanyeshea kuta za udongo mpaka zikalala chini zenyewe. Jirani yake alivunjika mguu. Wengine walikuwa salama, na wote walikuwa wamejibana kwenye jiko la nyumba ya padri, ambalo kwa bahati lilibaki.

"Mnahitaji nini?" nikamuuliza.

"Misumari na maturubai. Matofali tutafyatua wenyewe. Lakini mvua ndiyo imeanza, bila turubai tutafyatua uji."

Kijiji hicho kiko Namtumbo, mbele kidogo ukishaiacha njia ya Hanga. Sisi tuliozaliwa kule na kuhamia Songea tuna umoja wetu. Ni umoja unaoamka mara mbili: kukiwa na msiba na kukiwa na sare ya kuchagua. Mwenyekiti wake ni mfanyabiashara wa vitu vya ndani, makochi na mazulia na mapazia, mtu mwenye sauti nzuri na shingo nene, anayependa kuanza kila sentensi kwa "mimi kama mimi". Nimemsikiliza miaka mingi na sijawahi kumsikia akisema jambo ambalo halikumhusu yeye.

Tuliitana kikao siku chache baada ya upepo. Kila mtu alichanga, na hilo siwezi kuwanyima, walichanga kwa moyo. Nikasimama nikaeleza nilichoambiwa na mama mdogo, misumari na maturubai, nikakaa. Mwenyekiti akatabasamu vile anavyotabasamu kila mwanamke anapozungumzia mambo ya ujenzi.

"Mimi kama mimi," akasema, "naona misumari na maturubai hayo ni mambo ya serikali. Sisi ni watoto wao. Tuwapelekee kitu cha kuwarudishia heshima. Na heshima ya nyumba ni nini? Ni pazia."

Nilidhani watu watacheka. Walipiga makofi. Mhasibu wa umoja, mwanamume mzima mwenye shahada, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mahubiri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pazia litatundikwa kwenye ukuta gani. Nikauliza mimi. Mwenyekiti akajibu kwamba kuta zitajengwa, na zikijengwa zitakuta mapazia yakizisubiri. Wakapiga makofi tena. Mapazia yenyewe yalitoka dukani kwake, yale mazito ya rangi ya zambarau yenye shada za dhahabu pembeni, ambayo kila nilipopita pale niliyaona yamening'inia mlangoni yakipigwa na jua bila mnunuzi. Fedha za michango zilizobaki zikachapisha fulana za msafara na bango. Bango lilikuwa na picha ya Mwenyekiti, amekunja mikono, na maneno ya kuwafariji wahanga. Picha ya wahanga haikuwepo.

Nilikwenda nao kwa sababu gari lilikuwa linaelekea kwetu. Nilikunja nguo za kazi nikaziweka chini ya begi, na juu yake turubai moja nililonunua sokoni, dogo, la mwalimu wa shule ya msingi.

Njiani waliimba. Tulipofika Namtumbo wakataka kusimama wale chipsi, na waliposhiba wakaanza kupigana picha na fulana zao mpya kando ya barabara, wakifanya nyuso za huzuni. Dada mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu alimwambia mwenzake, "Usitabasamu, tunakwenda kwenye maafa." Mwenzake akajaribu tena. Walirudia mpaka wakapata huzuni waliyoitaka.

Kijiji tulikikuta kazini. Mvua ilikuwa imepumzika tangu juzi yake na jua lilikuwa kali, na kila mahali kulikuwa na watu wenye udongo mpaka magotini. Wengine walikuwa wanakanyaga tope, wengine wanajaza kalibu na kumwaga matofali uwanjani, wengine wanachomoa misumari iliyopinda kwenye mbao za zamani na kuinyoosha kwa mawe. Matofali mabichi yalikuwa yamepangwa kwa mistari uwanja mzima wa nyuma ya kanisa. Mama mdogo alinikumbatia kwa viwiko ili asinichafue.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hao wenzako watakaa sana?"

"Sijui. Wana ratiba."

"Waambie wasikae. Matofali tumeyafunua yote tangu asubuhi yapate jua. Wingu likija tunatakiwa tuwe hapa."

Nikaona kitu kingine. Mbele ya kanisa, juu ya miti mirefu iliyochimbiwa asubuhi ile, palikuwa pamefungwa turubai kubwa la bluu, na chini yake viti vya shule vimepangwa vizuri. Nikamuuliza limetoka wapi. Akanielekeza kwa kidevu kwenye uwanja wa matofali. Turubai lile lilitolewa na masista, ndilo pekee kubwa kijijini, na ndilo walilokuwa wanafunikia matofali ya mtaa mzima. Mtendaji wa kijiji alikuwa amelitoa ili wageni wa kutoka Songea wasipigwe na jua.

Mtendaji huyo ni mtu ninayemfahamu tangu utotoni. Alikuwa amevaa suti. Nyumba yake haikuezuliwa, na nafikiri tangu upepo upite alikuwa anasubiri siku ya kuvaa ile suti. Nilipomwambia kwamba turubai lirudishwe, wageni watakaa kanisani tu hata kama halina paa, alinitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Mwalimu, hawa ni wageni wa heshima. Tutawaweka juani kama mahindi?"

Kengele ya shule ikagongwa. Watu wakaacha tope wakaja, wakanawa mikono kwenye ndoo, wakakaa chini nje ya kivuli. Sisi tukakaa kwenye viti ndani ya kivuli. Nilikataa kiti nikaenda kukaa chini na mama mdogo, na Mwenyekiti alininyooshea kidole mara mbili nirudi kwenye nafasi yangu.

Ratiba ilianza kwa utambulisho. Kila mjumbe alisimama akataja jina, cheo chake ndani ya umoja, na kazi yake mjini. Kuna waliokuwa na vyeo ambavyo hata mimi mwanachama sikuvijua. Mlezi wa kamati ya hamasa. Msaidizi wa mlezi. Watu waliolala jikoni kwa padri tangu siku ya upepo walipiga makofi kwa kila mmoja, kwa adabu, wakiwa na udongo unaokauka na kupasuka kwenye ndewe za masikio. Halafu wanakwaya wetu waliimba. Halafu mtendaji alisoma historia ya kijiji tangu enzi za wazee, akasahau kutaja upepo. Halafu Mwenyekiti akasimama.

Alisema yeye kama yeye alipopata habari hizi hakula chakula cha mchana. Alisema ameona vitu vingi maishani. Aliwaambia watu ambao nyumba zao zimebomoka kwamba wasikate tamaa, wajenge kisasa, wajenge kwa bati za msauzi, wajenge kwa fremu za alumini, kwa sababu dunia imebadilika na nyumba za udongo zimepitwa na wakati. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa anasinzia. Mzee huyo alikuwa amekanyaga tope tangu alfajiri.

Upande wa bondeni palianza kuwa peusi. Mama mdogo alikuwa ameshaona kabla yangu. Watu wakaanza kugeuza shingo, mmoja, kisha mtaa mzima. Wanawake wawili wakanyanyuka.

"Mama zangu, kaeni," Mwenyekiti akasema kwenye kipaza sauti. "Hatujafika kwenye zawadi."

Wakakaa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba walikaa. Nilisimama nikamwendea, nikamwambia sikioni kwamba mvua inakuja na matofali yako wazi. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Dada, umeona wapi shughuli inakatwa katikati? Dakika mbili tu."

Akaendelea. Yalipotolewa mapazia kwenye mifuko, zambarau na dhahabu, kulikuwa na ukimya ambao Mwenyekiti aliuelewa kama shukrani. Alimwita mama mdogo kwa niaba ya wanawake wote. Mama mdogo akaenda, akapokea pazia kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akalikunjua, akalitazama juu mpaka chini. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu yake. Unaweza kuliona tone kwenye kitambaa kile kwa sababu kilikuwa kinabadilika rangi papo hapo na kuwa cheusi.

"Asante, baba," mama mdogo akasema. "Sasa naomba na turubai letu."

Mwenyekiti alicheka akidhani ni utani. Mama mdogo akamzunguka, akaenda kwenye mti wa kona, akaanza kufungua kamba. Nikaenda kwenye kona ya pili. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu aliyeogopa kuwaudhi wageni, nililifungua kwa meno. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, vile inavyoshuka kwetu, bila kupiga hodi.

"Mama! Tutanyeshewa!" Mwenyekiti akapiga kelele. Hakuhitaji tena kipaza sauti.

"Mna gari," mama mdogo akasema, na akavuta.

Turubai lilishuka juu ya kamati nzima. Nilimwona mlezi wa kamati ya hamasa akitambaa kutokea chini yake kwa mikono na magoti, fulana yake nyeupe ikiwa na picha ya Mwenyekiti kifuani. Watu wetu walikuwa wameshafika, wakaliburuta turubai kukimbilia uwanjani, na wageni waliobaki chini yake wakaburutwa hatua kadhaa kabla ya kujinasua. Wanawake wakachukua na mapazia. Wakayachomoa kwenye mifuko wakayatandaza juu ya mistari ya matofali, na sisi nyuma yao tukiweka mawe pembeni yasipeperuke. Mwenyekiti alikuja mpaka mwisho wa uwanja na viatu vyake vya ngozi, akasimama kwenye tope.

"Jamani! Hayo ni ya ndani! Hayo ni ya ndani!"

Hiyo ndiyo sentensi aliyoiacha kijijini kwetu. Mpaka leo mtu akiona kitu cha bei kimekaa pabaya, kuku akila kwenye sahani ya udongo nzuri, anasema "hayo ni ya ndani" na wote wanaangua kicheko.

Turubai liliokoa mistari ya katikati. Mapazia hayakuokoa chochote, yalinywa maji yakalala juu ya matofali, na matofali yakalainika chini yake na kutambaa pande zote. Mvua ilipokatika tulisimama tukitazama kazi ya watu wengi imerudi kuwa udongo. Jirani mmoja mwanamume, ambaye mkewe ndiye aliyevunjika mguu, alikaa chini pale pale kwenye maji akaweka mikono usoni. Msafara wetu ulikuwa umeshapanda gari letu, Kosta. Dereva aliogopa kilima kitateleza. Waliondoka na sufuria ya nyama ya mbuzi, kwa sababu kijiji kilikuwa kimewachinjia mbuzi na hawakupata nafasi ya kula. Sufuria ilirudishwa baada ya wiki, kwa bodaboda, haijaoshwa.

Mimi nilibaki. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Nilivaa nguo zangu za kazi nikaingia kwenye tope pamoja nao, na mama mdogo alinitukana siku nzima.

"Kanyaga na kisigino. Huchezi ngoma."

"Nakanyaga, mama."

"Unapapasa. Mjini wamekuharibu miguu."

Usiku tulilala jikoni kwa padri, wanawake upande mmoja, na kulikuwa na vicheko kuliko nilivyotegemea. Walimwiga Mwenyekiti. Walimwiga mtendaji, ambaye suti yake iliyonyeshewa ilikuwa imesinyaa mikono ikaishia karibu na viwiko. Yule jirani aliyekaa kwenye maji hakucheka. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye tope, hajasema na mtu, na jioni ndipo aliponiambia kwa upole kwamba turubai langu dogo la sokoni limefaa kwa mlango wa jiko. Mapazia tuliyafua mtoni, yakakauka yakawa magumu kama ngozi, shada za dhahabu zikadondoka. Wanawake waliyakata wakafanya mbeleko na vitambaa vya kubebea kuni kichwani.

Niliporudi Songea niliitwa mbele ya kamati. Walikaa nyuma ya meza kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, na mimi nikawekewa kiti katikati, peke yangu, kama mwizi wa mtaani. Mhasibu mwenye shahada ndiye aliyesoma shitaka: kudhalilisha viongozi mbele ya wahanga.

"Unakiri ulifungua kamba?" akauliza.

"Nilifungua moja. Zingine alifungua mwenye turubai."

"Unaona haya?"

"Naona haya sana," nikasema. "Nilikaa muda mrefu mno kabla ya kusimama."

Mwenyekiti akasema yeye kama yeye amenisamehe, ila umoja unahitaji nidhamu, kwa hiyo niandike barua ya kuomba radhi. Nikawatazama mmoja mmoja. Wote walizaliwa ndani ya nyumba za udongo. Wote wanajua tofali bichi likinyeshewa linakuwa nini. Hakuna elimu inayokusahaulisha hilo. Walijua siku ile, wakiwa wamekaa kivulini na wingu mbele ya macho yao, na waliogopa kumkatisha muuza mapazia. Sikuona mtu hata mmoja pale wa kukasirikia, hasira ni kitu unachompa mtu unayemheshimu walau kidogo. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Jioni ile nilikuta nimeondolewa kwenye kundi la simu. Nililala vizuri.

Kiangazi kilipofika walichoma tanuru, na kuta za mama mdogo zikasimama, safari hii za matofali ya kuchoma, vyumba viwili na dirisha dogo kama la ghala kwa sababu hataki tena kusikia habari za upepo. Mbao zilipatikana. Bati hazikupatikana. Mimi nilikuwa nimetuma nilichoweza na kilikuwa kidogo. Akanipigia simu siku ya Jumapili baada ya misa.

"Nipe namba ya yule mwenye mapazia."

Nilidhani sikusikia. "Ya nini, mama?"

"Nataka kumwomba bati."

"Mama mdogo! Yule mtu? Baada ya yale? Atakuja na bango. Atakuja na kipaza sauti. Utamsikiliza akisema hakula chakula cha mchana!"

"Nitamsikiliza."

"Ni mtu wa hovyo. Unajua ni mtu wa hovyo."

"Najua. Nilimwona kabla yako, nilikwenda shule na mama yake." Nikasikia kuku nyuma yake. "Mwanangu, wewe unamdharau, na unamdharau vizuri, nimefurahi. Lakini dharau yako itaezeka chumba gani? Nipe namba."

Nikampa. Niliisoma tarakimu kwa tarakimu na kila moja ilinichoma mdomoni.

Akaja, kweli. Alikuja na bati kwenye lori na bango jipya na mtendaji akiwa amevaa suti nyingine. Baadaye nilisimuliwa kwamba alitoa hotuba juu ya kusamehe, akamtaja mama mdogo kama mama aliyepotoka akarejea, na watu walipiga makofi. Siku hiyo hapakuwa na tofali lolote uwanjani. Nilimpigia mama mdogo jioni, sikuweza kujizuia, nikamuuliza hotuba ilikuwaje.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa naangalia wanavyozishusha, vijana wale wa kwenye lori wanazitupa tu, wangezikunja. Nimewagombeza."

"Hukusikia hata neno?"

"Alisema sana. Fundi anakuja kesho. Wewe unakuja lini?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi. Akasema nije na misumari yenye kofia, ile ya bati, siyo ya mbao kama niliyotuma mara ya kwanza, maana inaonekana hata hilo hawatufundishi vyuo vya ualimu. Halafu akakata simu, hana kawaida ya kuaga.

Mwenyekiti nakutana naye mara kwa mara, karibu na soko. Ananyanyua mkono kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda. Mimi navuka barabara.